Simu Yenye Mgongo Mnene

Nuzhat alikuwa mtu wa mbio. Asubuhi mbio, mchana mbio, na hata akilala mguu wake bado unatafuta kanyagio la cherehani. Mumewe, Faizan, yuko Dammam, huko Uarabuni, anaendesha winchi. Nyumbani kwao North Karachi, orofa ya pili, walibaki yeye, mama mkwe mwenye magoti mabovu, Ayan anayetambaa na kutia mdomoni kila anachokiona, na Zimal wa darasa la kwanza. Gauni za watoto alizoshona alizipeleka mwenyewe sokoni Hyderi kila Ijumaa, akitoka huko anapita shuleni kumchukua Zimal, akitoka shuleni anapita kwa muuza maziwa, na akifika nyumbani hata sufuria haijabandikwa. Sasa mtu wa namna hiyo mwambie kuna pochi inayogandana na simu, kitu kimoja tu cha kushika, uone kama atakuuliza swali la pili.

Faizan ndiye aliyemletea alipokuja likizo. Pochi nyembamba, ya ngozi bandia, ina sumaku. Ukiisogeza mgongoni mwa simu inanasa yenyewe kwa mlio mdogo, tak! Nuzhat aliupenda mlio ule kama mtoto. Akajaza humo kitambulisho, kadi ya benki, noti zake, na ile kadi ya kijani ya kumchukulia Zimal shuleni. Simu ikawa nene mgongoni kama kobe.

Mama mkwe, Bi Kamarunisa, alikuwa na chake: kifuko cha kitambaa chekundu chenye kamba mbili, anachokivaa shingoni chini ya nguo, na kimekaa hapo tangu alipoolewa.

"Hiki," alisema siku ile ile pochi ilipofunguliwa, akijipiga kifuani, "hakuna mwanamume aliyewahi kukigusa ila mmoja, na huyo alikuwa na ruhusa."

"Mama jamani! Mwanao anasikia."

"Asikie. Kwani alitoka wapi?" Faizan akacheka mpaka chai ikampalia. Bi kizee akaendelea, hakuna wa kumzuia. "Wewe unatembea na nyumba nzima mkononi. Mwizi akikuona hana hata kazi ya kuchagua."

"Mama, mtoto nimembeba huku, mzigo wa gauni huku, mwingine nimemshika mkono. Halafu nianze kuchimba shingoni mbele ya muuza nyanya?"

"Geukia ukutani. Sisi tuligeukia ukutani, na nyanya tulikula."

Yakaishia hapo, kwa sababu Ayan alikuwa ameshatia kifuniko cha dawa mdomoni.

Niseme kidogo juu ya kadi ile ya kijani, maana roho ya Nuzhat ilikuwa humo kuliko kwenye ya benki. Mwaka ule mji ulikuwa umeshikwa na hofu ya watoto kuibwa. Kweli au uzushi, nani ajuaye. Kila asubuhi kundi la wazazi wa darasa kwenye simu lilijaa sauti za akina mama wanaolia, mtoto kachukuliwa mtaa fulani, mtoto kaonekana ndani ya gari jeupe, na ukifuatilia unakuta mtaa wenyewe uko mji mwingine. Shule ikaamua moja: bila kadi, mtoto hatoki. Kadi ina jina la shule, picha ya mtoto, jina lake, darasa, na namba kubwa. Ukiionyesha getini, namba inaitwa kwenye kipaza sauti, mtoto anatolewa. Nuzhat alishukuru sana. Akamkalisha Zimal kitandani, akamfundisha kama anavyomfundisha Alhamdu: mwenye kadi ndiye wa kutoka naye, asiye na kadi usimsogelee, hata akikwambia ametumwa na mama, hata akikwambia yeye ndiye mama. Mtoto akarudia mpaka akawa anarudia bila kuambiwa.

Ijumaa moja ya joto, Nuzhat alimwacha Ayan kwa bibi yake, akaenda Hyderi peke yake na mzigo wake. Haji Sattar, mwenye duka, akazipokea gauni, akalalamika juu ya vifungo kama kawaida yake, akalipa. Nuzhat akatia noti ndani ya pochi, tak, akatoka kwa njia ya uchochoroni huku akimwandikia mama mkwe kwamba anaelekea shuleni. Ijumaa shule zinafunga mapema, kabla ya swala.

Pikipiki ilikuja taratibu, wala haikuvuma. Vijana wawili, wa nyuma amevaa barakoa ya hospitali. Ilisimama karibu yake kiasi kwamba gurudumu liligusa abaya yake.

"Baji, simu," akasema yule wa nyuma, kwa adabu kabisa, kama anamwita dada yake na kumwomba maji ya kunywa. Bastola ameilaza pajani.

Karachi hakuna asiyelijua jambo hili, na hakuna asiyejiandaa nalo. Kila mkoba una simu ya mwizi: simu kuukuu, kioo kimepasuka, haina hata laini. Mwizi akija unamkabidhi hiyo, unashukuru Mungu, unakwenda zako. Nuzhat akaingiza mkono mkobani, akaitoa ya kwake.

Kijana akaitazama akacheka. "Hii kampe mama mkwe wako. Mimi nataka hiyo ya mkono wa pili. Hiyo yenye mgongo mnene."

Ndiyo hapo Nuzhat alipofanya kosa. Simu angeiacha, simu ni kitu tu. Lakini vidole vyake vilikwenda kwenye pochi kuibandua. "Chukua simu, mdogo wangu, nakupa kwa mikono miwili. Hii inabanduka, ona, ni sumaku tu. Ndani kuna kadi ya mwanangu, ya kumtoa shuleni, haina faida kwako..."

"Usibandue kitu!" Bastola ikapanda mpaka usawa wa tumbo lake. Kisha kijana akainamisha kichwa kidogo, kama aliyesikia kitu kizuri. "Mwanao? Yuko shule gani?"

Kijana hakungoja jibu, akampokonya vyote, simu na pochi, bado vimegandana, akavitia ndani ya shati lake. Pikipiki ikatoka kama ilivyokuja, taratibu, ikakata kona kwa muuza miwa.

Alirudi dukani hajui amerudije. Haji Sattar alipomwona ameshika ukuta hakuuliza; akamkalisha, akampa maji, akatoa simu yake mwenyewe. "Piga nyumbani, binti yangu. Piga shuleni. Piga unakotaka."

Akaishika simu. Akaitazama. Loo! Hakuwa na namba hata moja kichwani. Ya mama mkwe hajui. Ya shule hajui. Ya Faizan, mume wake wa ndoa, baba wa watoto wake, inaanza na tisa sita sita halafu giza. Zote zilikuwa ndani ya simu. Kidole chake kikabonyeza namba pekee kiliyoikumbuka, ya simu ya mezani nyumbani kwa marehemu baba yake, nyumba iliyokwisha kuuzwa zamani. Sauti ya mwanamke ikamwambia namba hiyo haipo.

"Haji, nipeleke shuleni," akasema. "Wana kadi yake. Nimewaambia mwenyewe. Kwa mdomo wangu huu nimewaambia."

Haji Sattar akasimamisha bajaji, akamlipa dereva kwenda na kurudi, akamtisha kwamba namba ya chombo ameiandika. Dereva alikuwa mtu mnene, mtu wa maneno, na maskini ya Mungu alidhani anamfariji.

"Wamekuchukulia simu tu? Basi una bahati, dada. Jirani yangu walimchukulia simu, jioni wakampigia mkewe, mtoto wenu tunaye. Mtoto mwenyewe yuko chumbani analala! Lakini mke ameshaanguka, presha. Mwingine, mtoto wake walikuwa naye kweli, sasa huyo..."

"Kaka, nakuomba, kwa jina la Mungu, nyamaza."

"Nimenyamaza. Nasema tu kwamba siku hizi..."

"Nyamaza!"

Akanyamaza, akaongeza mwendo. Nuzhat alishika chuma cha mbele kwa mikono miwili, na moyoni alikuwa anajiambia neno lile lile: bila kadi hatoki, bila kadi hatoki, nimemfundisha, mwanangu ana akili, bila kadi hatoki. Neno lilimtuliza mpaka walipofika mataa ya pili. Hapo ndipo lilipomgeukia. Wao wanayo kadi. Picha ya mtoto wanayo, jina wanalo, shule, darasa, namba. Tena haihitajiki hata sura. Ni kumtafuta mwanamke yeyote, avae abaya nyeusi na nikabu kama yeye, asimame getini miongoni mwa abaya nyingine nyeusi, anyooshe mkono.

Kwenye msikiti wa kona walikuta barabara imeshafungwa kwa kamba, vijana wanatandika mikeka lami nzima kwa ajili ya swala. Dereva akatoa kichwa nje.

"Wapenzi wa Mtume, tupisheni, kuna mtoto!"

"Zunguka nyuma, mjomba. Kila mtu ana mtoto."

Wakazunguka nyuma, kwenye mashimo na maji machafu, Nuzhat akirushwa huku na huku wala hasikii maumivu. Alikuwa anaitazama kila pikipiki inayowapita. Kila pikipiki ilikuwa na vijana wawili.

Getini palikuwa pameanza kupungua watu, na kupungua kule ndiko kulikomkata maini. Magari ya kukodi yameshaondoka. Walibaki akina mama wachache, baba mmoja na mwavuli, na Lala Gul, mlinzi, Mpathani mrefu mwenye ndevu za hina, ameegemea kiti chake cha plastiki.

"Lala! Zimal Faizan, darasa la kwanza B, ameshatoka?"

"Kadi, baji."

"Nimeibiwa kadi! Ndiyo nakuuliza, kuna mtu amekuja na kadi yake?"

"Wamekuja watu mia na kadi zao."

"Mwanamke? Amemchukua mwanamke?"

Lala Gul akanyoosha mikono, na si kwa jeuri, alikuwa amechoka tu. "Baji, mimi naangalia kadi, siangalii nyuso. Na nyuso zenyewe ziko wapi?"

Nuzhat akalishika geti. "Mwite basi! Ita namba yake. Namba... namba sijui, ita jina. Lala, una wajukuu wewe, ita jina!"

Yule baba mwenye mwavuli akasema, "Muite bwana, husikii mama anavyolia?" na mama mmoja akaongeza, "Au unangoja barua?" Lala Gul akaingia kibandani. Kipaza sauti kikakoroma. Zimal Faizan, la kwanza B, geti la mbele. Kimya. Ua lote la shule lilikuwa linang'aa jua, tupu, na mfagiaji mmoja anafagia maganda ya pipi. Zimal Faizan, geti la mbele. Mfagiaji akaacha kufagia, akatazama huku na huku, akaendelea. Nuzhat akaanza kumwambia Mungu mambo ambayo hata sisi majirani hakutuambia baadaye, na sisi ni wadadisi. Zimal Faizan, mara ya tatu.

Mtoto akatokea upande wa bombani, soksi moja imeshuka, chupa ya maji inatiririka mkononi. Alikuwa anajaza chupa. Anajaza chupa tu, jamani!

"Zimal! Njoo, mwanangu, njoo!"

Zimal akaja hatua chache, akasimama mbali na geti. Akamtazama yule mwanamke wa abaya nyeusi aliyening'inia kwenye vyuma, sauti imekwaruza kwa kilio, mikono mitupu. Akatazama mikono. Akarudi nyuma.

"Ni mimi! Ni mama!"

"Mama alisema bila kadi nisitoke," akajibu, na midomo ilikuwa inatetemeka. "Hata akisema yeye ni mama."

Watu waliosimama pale wakaguna kwa kusifu. "Mtoto amefundishwa huyu," akasema baba wa mwavuli. Nuzhat hakusikia sifa. Alipeleka mkono kisogoni, akafungua kifungo, akaivua nikabu yake palepale, juani, barabarani. Hakuwa amefanya hivyo mbele ya wanaume wa nje tangu alipokuwa msichana. Pua inamtoka kamasi, macho mekundu, nywele zimeganda kwenye paji. Lala Gul akageuka haraka akautazama ukuta. Baba wa mwavuli akaushusha mwavuli wake ukamfunika uso.

Zimal akamwangalia vizuri. Uso ukamlegea. "Ni mama," akamwambia Lala Gul.

"Basi njoo!"

"Kadi iko wapi?" akauliza mtoto.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeyamaliza. Bi Tanveer alitoka ofisini na viatu vya ndani, akamsikiliza Nuzhat, akamtambua, maana walishawahi kukaa pamoja siku ya ripoti. Akaifuta namba ya zamani, akamwagiza Lala Gul kwamba yeyote atakayekuja na kadi ile ya kijani amkamate na apige kelele, kisha akatoa kadi mpya ya rangi ya machungwa. Nuzhat akapewa mkononi. Zimal akaiona, akatembea mwenyewe mpaka getini, akamshika mama yake kidole kama siku zote. Nuzhat akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia.

Ndani ya bajaji alivaa tena nikabu. Simu hana, pochi hana, mkoba umebaki na simu ya mwizi ambayo hata mwizi aliikataa. Kadi mpya aliikunjia ndani ya ngumi, na ngumi akaibana kifuani. Dereva alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti, na safari hii Nuzhat alimwachia. Moyo ulikuwa umeanza kushuka. Lakini kulikuwa na jambo moja limemkaa kooni, na alijua hatalala nalo.

"Zimal. Angekuja mama mwingine, ana ile kadi ya kijani. Ungetoka naye?"

"Ndiyo."

"Hata kama humjui?"

"Amevaa nikabu. Nitajuaje kama simjui?" Mtoto alimshangaa kabisa. "Si ana kadi? Wewe ulisema mwenye kadi ndiye."

Nuzhat akaangalia nje. Walikuwa wanapita kwenye yale mashimo ya nyuma ya msikiti, na vijana wengine wawili juu ya pikipiki waliwapita karibu, mmoja akageuka kuwatazama, labda bure tu. Akamvuta Zimal katikati ya kiti.

"Sikiliza, mwanangu. Nilikufundisha vibaya. Kadi peke yake haitoshi. Mtu akija, hata ana kadi, hata anasema ni mimi, muulize kitu ambacho mama yako tu ndiye anayekijua. Akishindwa, piga kelele. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, tujaribu sasa hivi. Niulize mimi."

Zimal alifikiri, ulimi umetoka pembeni. Kisha akauliza, "Darasani nakaa na nani?"

Nuzhat alishaambiwa, wallahi alishaambiwa, tena si mara moja. Zimal husimama kando ya cherehani akisimulia darasa zima, huyu kafanya hivi, yule kalia, naye Nuzhat hana muda wa kuinua macho, anaitikia tu, ehe, ehe, halafu?

"Hoorain," akasema.

"Hoorain alihama."

"Yule... yule mwenye miwani. Anaya."

Zimal akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alijisogeza kidogo pembeni ya kiti, mpaka mkono wake usimguse tena mama yake, akamwangalia pale palipo wazi kwenye nikabu, macho tu.

"Basi nionyeshe kadi," akasema.

Nuzhat akafungua ngumi, akamwonyesha.